Fremu ya Babu, Gurudumu la Mtumba: Historia Iliyofungwa na Nati Mbili Garsen

Ukitaka kujua historia ya Tana River, usianze na kitabu. Anza na gurudumu la nyuma la baiskeli yoyote iliyoegeshwa pale stendi ya Garsen. Iangalie vizuri. Fremu ni black mamba, chuma kizito, rangi nyeusi imebanduka mpaka kutu inaonekana. Gurudumu la mbele ni lake la asili, kubwa na jembamba. La nyuma sasa ndilo la kushangaza: fupi, nene, tairi lina meno kama la trekta. Hilo limetoka kwa mauntini ya mtumba. Baiskeli nzima imeinama nyuma kidogo kama mbwa anayetaka kukaa.

Msee wa Nairobi akiiona anapiga picha, anaweka mtandaoni, watu wanacheka. Sawa, ichekeni. Lakini pale kwa ekseli moja kuna historia ya miaka zaidi ya 130, na kuna jambo ambalo linaweza kukuvunja mguu wiki ijayo. Nipe dakika kumi nikueleze yote mawili.

Mimi chuo niliacha, profesa si mimi. Lakini hii kitu nimeisoma, nimeipima na rula na nimeishikia spana.

Mwaka 1885, mambo mawili kwa wakati mmoja

Mwaka 1885 kule Coventry, Uingereza, jamaa anaitwa John Kemp Starley alitoa baiskeli inaitwa Rover. Kabla yake baiskeli zilikuwa na gurudumu kubwa ajabu mbele na kadogo nyuma, ukianguka unaanguka kutoka juu kama embe. Rover ikaja na magurudumu yanayokaribiana ukubwa, na cheni inayovuta gurudumu la nyuma. Miaka mitatu baadaye, 1888, John Boyd Dunlop akapata hataza ya tairi la upepo kule Belfast. Unganisha hizo mbili na tayari unaitambua baiskeli ya babu yako.

Mwaka huohuo wa 1885, huku kwetu, ndugu wawili Wajerumani wa ukoo wa Denhardt walikuwa Witu wakiandikiana mikataba na Sultani Ahmed, yule waliyemuita Simba. Witu ikawa chini ya Ujerumani. Kwa miaka kama mitano hivi, ukitoka kwenye delta ya Tana ukaingia Witu, uko kwa Mjerumani. Hata Ngao, wamisionari wa Neukirchen kutoka Ujerumani walifika 1887, wakati Wamethodisti wa Uingereza walikuwa tayari Golbanti, kijiji cha jirani tu.

Kisha 1890 wakubwa wakakaa Ulaya wakagawana. Ujerumani ikaachiwa kisiwa cha Heligoland, Uingereza ikachukua Witu, na mambo ya Zanzibar yakaingia humohumo. Hakuna Mpokomo aliyeulizwa, hakuna Morma, hakuna Mbajuni.

Sasa utasema, hiyo inahusiana vipi na gurudumu? Inahusiana sana. Mwingereza na Mjerumani walikuwa wanatengeneza magurudumu tofauti. Mwingereza alipenda spoki 32 mbele na 40 nyuma. Bara la Ulaya walizoea 36 kote kote. Mwingereza alipima kwa inchi, mwenzake kwa milimita. Na 1903 Mjerumani Ernst Sachs akatoa habu inaitwa Torpedo, ile ambayo ukikanyaga pedali kinyume inafunga breki ndani kwa ndani. Mwingereza yeye alishikilia breki za vyuma, zile fimbo zinazotoka kwa usukani mpaka chini. Kwa hivyo mkataba uliotiwa saini mwaka 1890 ndio uliochangia kuamua ni breki gani babu yako angeshika miaka ya 1950. Hii haiko kwa mtihani wowote niliowahi kufanya.

Baiskeli ya mwalimu, ya chifu, halafu ya kila mtu

Baiskeli za mwanzo huku hazikuwa za mtu wa kawaida. Zilikuwa za mwalimu, katekista, karani, askari, chifu. Raleigh ya Nottingham ndiyo ilikuwa jina. Ukimuona mtu na Raleigh unajua ana mshahara. Mtu alikuwa anaifuta kwa kitambaa kama vile sisi tunavyofuta simu.

Baada ya vita vya pili dunia ikabadilika. India ikapata uhuru 1947, ikaanza kutengeneza zake. Atlas ikaanza 1951 kule Sonepat. Hero ikafuata 1956 kule Ludhiana, na kufikia 1986 ikaandikwa kwenye rekodi za Guinness kama mtengenezaji mkubwa zaidi wa baiskeli duniani. China nayo ikaleta Phoenix na Flying Pigeon. Zote hizo zilichukua umbo lilelile la Mwingereza: fremu ndefu, breki za fimbo, gurudumu la inchi 28. Mkoloni alishaondoka lakini kipimo chake kikabaki, sasa kinatengenezwa na Mhindi na Mchina kwa bei ambayo mkulima wa ndizi wa Wema anaweza kufikiria.

Hapo ndipo black mamba ikawa ya kila mtu. Na Tana Delta ni kama iliumbiwa baiskeli. Ardhi ni tambarare, vijiji vimejipanga kandokando ya mto: Ngao, Golbanti, Oda, Idsowe, Wema, Hewani. Maembe, ndizi, mchele, samaki kutoka ziwa Shakababo, madumu ya maji ya lita 20, mama mjamzito anayepelekwa zahanati, vyote vimepita kwa keria ya black mamba. Mto ukifurika, kama 1961, kama El Niño ya 1997 na 1998, kama mwisho wa 2023 na tena 2024, barabara inakatika, lori linakwama, matatu haiji. Baiskeli inapandishwa kwa mtumbwi, inavuka, inaendelea ng'ambo. Pikipiki pia inavuka lakini inataka watu wanne wa kuibeba, na ikifika huko inataka petroli, na petroli iko upande uliotoka.

Kwa nini gurudumu la asili limepotea

Tuje kwa namba, usiogope, ni chache.

Rimu ya black mamba, pale tairi linapokaa, ina kipenyo cha milimita 635. Hiyo ndiyo 28 kwa 1½ iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. Rimu ya mauntini ya inchi 26 ni milimita 559. Rimu ya baiskeli nyingi za mjini na za mashindano ni 622. Hizi namba tatu hazisikilizani. Tairi la moja halikai kwa nyingine, hata ukilivuta na meno.

Zamani haikuwa shida, kila duka lilikuwa na 28. Halafu viwanda vikaanza kufa au kubadilisha biashara. Raleigh ilifunga kiwanda chake cha Nottingham 2002. Atlas ilisimamisha kiwanda chake cha mwisho, kule Sahibabad karibu na Delhi, tarehe 3 Juni 2020. Unajua tarehe hiyo ni nini? Ni Siku ya Baiskeli Duniani ya Umoja wa Mataifa. Wafanyakazi walifika asubuhi wakapata tangazo getini. Sitanii.

Wakati huohuo kontena za mtumba zinateremka Mombasa. Ndani kuna mauntini kwa mamia. Kwa hivyo fundi wa Garsen akihitaji rimu, kilicho karibu ni 559. Na kuna sababu nyingine ambayo mtu wa mjini haijui: mathenge. Ule mti wa miiba uliletwa Bura na Hola miaka ya 1980 mwanzoni kuzuia jangwa na kupata kuni, ukaamua kujimilikisha kaunti nzima. Mwiba wake unapita tairi jembamba kama sindano kwa kitambaa. Tairi nene la mauntini angalau linajitahidi. Na mvua ikinyesha, ule udongo mweusi wa bondeni unanata kama ugali mbichi, tairi nene linazama kidogo kuliko jembamba.

Sasa sikiliza hii, ndiyo ilinifanya niandike. Tunaita gurudumu la mauntini "la kisasa". Ile 559 ilitoka Marekani, kampuni ya Schwinn ya Chicago, 1933. Walikuwa wanatengeneza baiskeli ngumu za watoto, na tairi nene la inchi 26. Miaka ya 1970 vijana wa Kalifornia wakaokota hizo baiskeli kuukuu wakaanza kuteremka nazo milimani, wakazifungia vipuri vya baiskeli nyingine, na hapo mauntini ikazaliwa. Umeona? Mauntini yenyewe ilianza kama fremu ya zamani iliyofungwa vitu visivyo vyake. Wale wa Kalifornia wameandikwa kwa historia kama wavumbuzi. Fundi wa Garsen akifanya vilevile tunamwambia ameunga-unga.

Linavyofungwa

Fundi hafungi tu akaondoka. Kuna kazi nne, na kila moja ina akili yake.

Kwanza, upana. Fremu ya zamani, kati ya ile mipasuo miwili ekseli inapokaa, ina milimita kama 110 hadi 114. Habu ya mauntini ina 135. Unazidiwa na milimita 20 na kitu. Njia ya kwanza ni kupanua fremu, kila upande unavutwa polepole mpaka unakubali. Chuma cha black mamba kinakubali kwa sababu ni chuma laini. Kinapinda na kubaki kilipopindishwa. Alumini ukiifanyia hivyo inapasuka. Lakini ukishapanua lazima unyooshe ile mipasuo iwe sambamba tena, la sivyo ekseli inakaa kwa mkazo, na siku moja inakatika ukiwa na gunia la mchele nyuma. Njia ya pili ni ya fundi mjanja: anapunguza vikorokoro kwa ekseli, maana habu imeachwa pana ili ibebe gia saba au nane. Wewe unataka gia moja. Anatoa gia, anatoa washa za ziada, habu inapungua, fremu inapanuliwa kidogo tu.

Pili, kuhamisha rimu. Gurudumu la gia nyingi limesukwa likiegemea kulia ili kupisha gia. Ukitoa gia, rimu haiko tena katikati ya fremu. Fundi anakaza spoki za upande mmoja na kulegeza za upande wa pili, robo mzunguko, robo mzunguko, mpaka rimu irudi katikati. Hapa ndipo utajua fundi na mtu aliyeazima spana.

Tatu, ekseli. Nyingi za mtumba zina ekseli yenye tundu katikati na kishikizo cha kufungua kwa mkono. Kwa fremu yenye mipasuo inayofungukia nyuma, ile haishiki vizuri. Ukikanyaga kwa nguvu gurudumu linateleza na kusugua paipu. Inawekwa ekseli ngumu ya nati. Ni nene kidogo kuliko ya asili, kwa hivyo mpasuo unapigwa tupa kidogo sana.

Nne, cheni. Lazima meno ya mbele na ya nyuma yawe kwa mstari mmoja. Yakipishana, cheni inaruka, na kwa kawaida inaruka wakati mbaya.

Kitu kimoja kinakuja bure: tairi nene linaingia kwa fremu iliyojengewa tairi jembamba. Kwa nini? Gurudumu ni dogo, kwa hivyo tairi linakaa nyuma zaidi, karibu na ekseli, mahali ambapo paipu za fremu zimeshapanuka. Na kwa sababu gurudumu ni fupi, kila mzunguko wa pedali unakupeleka karibu asilimia 7 pungufu ya zamani. Unapoteza mwendo, unapata wepesi. Mwenye mzigo halalamiki.

Sasa ile ya kuvunja mguu

Haya yote ni mazuri, lakini nikinyamaza hapa nitakuwa nimekudanganya.

Breki ya fimbo ya nyuma inafanya kazi kwa kuvuta vipande viwili vya raba mpaka vibane rimu kwa upande wa ndani, ule unaoangalia spoki. Imewekwa pale ilipo kwa sababu rimu ya 635 iko pale. Ukiweka 559, rimu imesogea karibu na habu kwa milimita 38. Raba inafunga hewa. Kwa hivyo karibu kila black mamba yenye gurudumu la mauntini haina breki ya nyuma. Fimbo imefungwa kwa waya isigongegonge, au imeuzwa kwa chuma chakavu. Watu wanasimamisha kwa soli ya kandambili.

Zamani ungesema sawa, huku hakuna mlima. Lakini barabara ya kwenda Lamu sasa ni lami. Mabasi na malori yanapita Minjila na Idsowe kwa mwendo ambao babu hakuwahi kuuona. Mtu ana madumu manne ya maji, breki ni ya mbele pekee, nayo raba yake ni kipande cha tairi kilichokatwa na kisu. Hapo hakuna cha kusifia. Ubunifu unaokufikisha na usiokusimamisha ni nusu ya kazi.

Na dawa ipo, iko ndani ya zile kontena. Tafuta gurudumu la baiskeli ya mtumba kutoka Uholanzi au Ujerumani, lile lenye breki ya kukanyaga kinyume. Habu yake ni nyembamba, karibu inaingia kwa black mamba bila kupanua sana. Breki iko ndani, haijali rimu ni 559, 622 au 635, haijali matope. Lina mkono mdogo wa chuma ubavuni ambao lazima ufungwe kwa nguvu kwa paipu ya chini ya fremu. Usipoufunga, siku utakayokanyaga breki habu itazunguka yenyewe na hutasimama. Ukiufunga, uko salama kuliko hata babu alivyokuwa.

Ona vile dunia inazunguka. Ile breki ya Mjerumani ya 1903, ambayo mkataba wa 1890 uliizuia isituzoee, inaingia delta leo kwa mlango wa mtumba.

Kwa nini nasumbuka na hii

Kuna watu wataniuliza, si mtu anunue tu mauntini nzima? Hapana. Mauntini ya bei ya chini ina springi mbele, fremu fupi, na sehemu ya kufunga keria hakuna. Weka gunia moja uone. Fremu ya black mamba ni ndefu, imetulia, ikivunjika inachomelewa palepale Garsen na mtu yuleyule anayechomelea mageti. Ndiyo maana fremu inaishi miaka 40 na magurudumu yanakuja na kuondoka.

Wengine watasema, siku hizi ni pikipiki. Ni kweli, na cha kuchekesha ni kwamba hata jina boda boda lilianza na baiskeli kule mpaka wa Busia. Sina ubaya na pikipiki. Lakini nawajua vijana wa rika langu wanaolipia pikipiki kila siku, na siku ambayo mafuriko yamekata barabara deni halikatiki. Baiskeli ya babu haina mtu anayeipigia simu jioni kuuliza hela iko wapi.

Kinachonitisha ni kwamba wale wanaojua kusuka gurudumu wanazeeka. Ukizunguka Garsen, vijana wanafungua injini, na chini ya mwarobaini utapata mzee mmoja anayekaza spoki kwa kusikiliza sauti yake tu. Akiondoka, hatutapoteza mzee pekee. Tutapoteza uwezo wa kutengeneza chombo pekee cha usafiri ambacho delta nzima inaweza kukimiliki bila mkopo. Historia yetu ikiandikwa huwa ni mafuriko, ni miradi ya mpunga iliyoanguka, ni mapigano. Kana kwamba watu wa huku hawajui kitu isipokuwa kupatwa na mambo. Lakini hapa kuna watu waliopokea kipimo cha Mwingereza, chuma cha Mhindi, rimu ya Mmarekani, wakaviambia vyote vikae pamoja, na vikakaa.

Kwa hivyo naomba mambo matatu. Moja: kama nyumbani kuna fremu ya zamani nyuma ya choo, usiiuze kwa kilo. Mbili: kama ina gurudumu la mauntini na haina breki ya nyuma, irekebishe kabla haijarudi kwa lami, si kesho. Tatu: mzee wa spoki wa kwenu, mwamkie, kaa naye mchana mmoja na simu yako, rekodi mikono yake. Vyuo vya ufundi vya kaunti vinaweza kufundisha kazi hii kwa muhula mmoja kama tukipiga kelele ya kutosha, lakini kelele inahitaji ushahidi, na ushahidi ni hiyo video yako.

Ukishairekodi, nitag. Na uniambie kwenu wanaliita nini hilo gurudumu.